Mtu wa Magongo Tangu Utotoni

Sifa ni kwa Mungu aliye hai, anayewanyeshea mvua wenye mashamba bondeni na wenye ng'ombe malishoni bila kuwauliza majina. Namshukuru kabla sijasema jingine, maana nikianza na hayo mengine nitachelewa kufika kwenye shukrani. Ameniacha hai. Amenirudishia pumzi ya kuimba besi kanisani. Kwa hayo namsifu, na hili ninaloandika ninaliandika mbele zake, naye anajua kwamba nimekasirika.

Wenzangu katika baraza la wazee wa kanisa, waliposikia ninaandika habari za ugonjwa wangu, walinishauri ningoje hasira ipoe. Nilingoja. Haikupoa. Nimeona heri niandike nayo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani, hapa kijijini Hewani au Hola au mbali kabisa na mto huu, ambaye nyonga inamuuma na amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa jina. Huyo hawezi kungoja mpaka mimi nitulie.

Mimi ni mkulima na mwinjilisti mstaafu. Mke wangu anaitwa Mama Habona, na Habona mwenyewe, binti yetu wa pekee, ni mwalimu Malindi. Jambo jingine la kunijua ni kwamba napenda mpira wa magongo. Si kandanda. Ni ule wa kuchezwa na fimbo yenye ncha iliyopinda. Watu wa mto huu wakisikia hivyo hucheka, maana toka Garsen mpaka Hola sijui kama utapata uwanja wake hata mmoja. Lakini shule niliyosoma ilikuwa na mwalimu mkuu aliyeucheza chuoni, naye akatufundisha. Magongo tulikata wenyewe msituni, matawi ya mkwaju yaliyojipinda, na mpira wetu ulikuwa koma, lile tunda la mkoma likishakauka likawa gumu kama jiwe. Likikugonga mfupani unamkumbuka Muumba wako. Nilicheza mpaka nikaoa, na tangu hapo nimekuwa mfuatiliaji, kwanza kwa redio, sasa kwa simu. Nina gongo langu moja la dukani, zawadi ya mwalimu yule, ambalo Mama Habona alikuwa akilitumia kufukuzia mbuzi.

Ugonjwa ulikuja baada ya mafuriko kupungua, wakati tunapanda mahindi kwenye matope yaliyoachwa na mto. Nilihisi maumivu kwenye kinena, upande wa kulia, kama mtu aliyeingiza kidole ndani akakisahau humo. Nikasema ni kuinama. Mahindi yakaota, nikasema ni uzee. Tulipofika palizi ya pili nilikuwa nachechemea, na shati langu lililowa jasho hata siku nilizokaa kitako kutwa nzima. Nilikuwa nimeumizwa nyonga hiyohiyo na koma nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo nikajiaminisha kwamba ni jeraha la zamani limekuja kunitembelea.

Nikaenda kituo cha afya. Sikitaji jina, wala si kile ambacho msomaji wa hapa atakidhania. Nilikaa kwenye benchi la saruji tangu asubuhi. Wenzangu wa benchi walikuwa mama mwenye mtoto wa surua, na mzee wa Kiorma aliyelalia bega langu bila kuniomba. Ilipofika zamu yangu nikasimama mbele ya dirisha la karani. Alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, aliyeniamkia kabla hajashika kalamu. Akauliza shida ni nini. Nikasema mguu. Akauliza mguu ulianza lini.

Hapo, msomaji, ndipo nilipojichimbia shimo. Mtu aliyehubiri miaka thelathini hawezi kujibu swali fupi kwa jibu fupi. Ningesema, "Ulianza tulipopanda mahindi," kisa changu kingekwisha kwa mstari mmoja. Mimi nikataka kumchekesha. Nikasema, "Mwanangu, mimi ni mtu wa magongo tangu nikiwa mtoto wa shule."

Akaandika. Nilimwona akiandika, tena nilifurahi kwamba anaandika yote.

Sasa fikiri neno hilo. Magongo ni ya kuchezea, na magongo ni ya kutembelea, yale ya kwapani. Binti huyu hajawahi kuuona mchezo wangu maishani mwake. Ameona wangapi wanaotembelea magongo? Wengi. Akaandika alichokijua: mgonjwa ana ulemavu wa mguu, anatumia magongo tangu utotoni.

Daktari aliyeniona siku hiyo alisoma ukurasa ule, akaniangalia kwa huruma na kupaza sauti kama vile masikio yangu nayo yamelemaa. Hakunigusa nyonga. Aliuliza kama nina maumivu, nikasema ninayo mengi. Akasema mguu wa namna hiyo lazima uume uzeeni. Akaniandikia dawa ya maumivu. Nilipokuwa nainuka akanishika bega na kuniambia, "Endelea na magongo, mzee wangu. Usiyaache. Usione haya mbele za watu."

Nami nilielewaje? Nilielewa kwamba daktari, mtu aliyesoma, ameniagiza nirudi kucheza mpira wa magongo kama mazoezi ya kulainisha kiungo. Nilitoka pale kifua mbele. Nikamwambia Mama Habona. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamjibu kwamba ni amri ya daktari, na kwamba tangu leo mbuzi wafukuzwe kwa ufagio.

Kwa hiyo kila asubuhi, mimi mwenye wajukuu, nilitoka uani na gongo langu, nikaweka koma chini na kuipiga mpaka ukutani, nikaifuata nikichechemea, nikaipiga tena. Majirani walijua nimerukwa na akili lakini waliniheshimu. Maumivu yalizidi. Nikasema ndiyo dawa inafanya kazi. Nilifanya hivyo kwa wiki sita. Sasa najua nini kilikuwa kikiendelea ndani ya nyonga kila nilipojigeuza kupiga. Nilikuwa nikisaga mfupa uliokwisha kuoza.

Nilirudi kituoni mara tatu zaidi. Kila mara daktari alikuwa mwingine, na kila mmoja alifungua faili, akasoma ukurasa wa kwanza, akamaliza. Mmoja aliniuliza magongo yangu yako wapi leo. Nikamwambia nimeyaacha nyumbani, ni moja tu. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba mgonjwa hafuati ushauri. Unaona? Kila mtu alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Mahindi yalipovunwa nilikuwa nimekonda hivi kwamba pete ya ndoa ilikuwa ikidondoka kwenye sufuria ya ugali. Nilikuwa nasinzia mbele ya watu na kuwakaripia bure. Kaka yangu mkubwa alikuja akasema wazi kwamba nimefanyiwa kitu, na kwamba anamjua mtu upande wa pili wa mto. Mama Habona akamjibu kwamba hakuna mtu wa upande wa pili atakayeingia nyumba ya mwinjilisti. Wakagombana mbele yangu kama vile nimeshakufa na wanagawana viti. Kanisa lilifunga siku tatu kwa ajili yangu. Nawashukuru. Lakini nasema pia, na hili limewaudhi baadhi yao: hakuna hata mmoja katika siku tatu hizo aliyesema, tumpeleke huyu mtu hospitali nyingine.

Aliyesema ni Habona. Alikuja likizo, akanikuta nimeegemea mlango, akanitazama miguuni halafu usoni, na hakulia. Alifungua sanduku langu akaanza kunipakia nguo. Mama yake akamwambia ale kwanza. Akasema, "Nitakula tukirudi. Baba amekuwa kamba, na nyinyi mnamwombea akiwa amesimama."

Hospitali aliyonipeleka ilikuwa kubwa, huko pwani, na benchi lake lilikuwa refu kuliko kanisa letu. Tulikaa siku mbili tukisogea. Nimejifunza kwenye benchi lile kwamba wagonjwa wana undugu wao. Mama mmoja wa Kigiriama, ambaye titi lake lilikuwa limefungwa bendeji, aliona siwezi kukaa upande wa kulia, akakunja leso yake akaniwekea chini. Sikuuliza jina lake. Nimemwombea kila siku tangu hapo kwa kumwita mama wa leso, na naamini Mungu anaelewa ni nani.

Daktari wa hapo alinilaza kitandani, akanishika mguu, akauzungusha kidogo tu, nikapiga kelele. Nikapigwa picha ya eksirei. Akaining'iniza kwenye taa na kutuonyesha. Nyonga ya kushoto ilikuwa duara zuri, kama koma. Ya kulia ililiwa, imebaki kipande kama mkate alioutafuna panya. Alisema wangechunguza zaidi lakini alikuwa na hakika. Kifua kikuu.

Nikamwambia kifua changu kiko hapa juu, na sijakohoa hata siku moja. Akasema ugonjwa huu jina lake ni la kifua lakini hautii jina. Huweza kushuka kwenye mfupa, hasa nyonga na uti wa mgongo. Alisema ningefika miezi mitano kabla, huenda kiungo kingepona kizima. Halafu akafungua barua niliyotoka nayo kituoni na kuuliza jambo ambalo halikumkalia sawa: "Hapa wanasema umetembelea magongo tangu utotoni. Mbona misuli yako ya kushoto na kulia ilikuwa sawa mpaka juzi? Mtoto mlemavu hakui hivi."

Habona alinigeukia pole pole. Nami nikaelewa yote kwa mara moja, tangu dirishani mpaka ukutani, na nilichosema ni kwamba ulikuwa mchezo. Nikarudia. "Ulikuwa mchezo, daktari. Nilikuwa nasema mchezo."

Sijawahi kukasirika vile. Nilimkasirikia karani, na madaktari wanne, na lugha yenyewe, Kiswahili hiki tunachoazimana hapa mtoni, mmoja ana Kipokomo nyumbani, mwingine Kiorma, mwingine Kisomali, kila mtu akidhani mwenzake ameelewa kwa sababu ametikisa kichwa. Nilimkasirikia Habona kwa kunitazama. Na Mungu nilimkasirikia. Sifichi, alikuwepo. Niliondoka hospitali ile siku ya tisa nikiwa na magongo mawili ya mbao kwapani, hatimaye faili ikawa kweli.

Dawa zilikuwa za miezi kumi na miwili. Wengi wa kifua cha kweli hutumia sita, sisi wa mfupa tuliambiwa mwaka. Nakuandikia wewe unayeanza: mkojo utakuwa mwekundu kama juisi ya ukwaju, usiogope. Machozi nayo hubadilika. Tumbo litakataa chakula miezi miwili ya kwanza. Mimi uji wa mchele uliopoa ulinikubali, wa moto ulirudi. Vidole vya miguu vitawasha kama umekanyaga siafu, waambie, kuna kidonge cha hilo. Na kama unaishi kwenye udongo wetu huu wa mfinyanzi, magongo yatazama. Mvua ilipoanza nilikuwa nikipiga hatua moja na kubaki nimekwama katikati ya uwanja kama kigingi. Mama Habona alikata kandambili kuukuu za mpira akazifunga chini ya kila gongo, zikawa pana kama mguu wa bata. Hakusema nampenda mume wangu. Alifunga kandambili.

Kliniki yangu ya dawa ilikuwa Garsen, na muuguzi wake aliitwa Barisa, Mworma mrefu, Mwislamu mwenye ndevu nyekundu za hina. Tulikuwa na utani wa kawaida wa watu wetu. Aliniambia Wapokomo tunaugua kwa kukaa kwenye maji kama viboko, nikamwambia ng'ombe wake wamekula mahindi yangu tangu enzi za babu yake na bado ana mdomo. Lakini vidonge alivihesabu mbele yangu kama mtu anayehesabu wanawe.

Mwezi wa nne wa dawa niliacha kuzimeza.

Nataka nieleze kwa unyoofu. Haikuwa kichefuchefu. Picha ya pili ya eksirei ilikuwa imeonyesha kwamba nyonga haitarudi. Ugonjwa ungekufa, lakini mguu ungebaki mfupi na mgumu. Wiki hiyohiyo timu yetu ya taifa ya magongo ilikuwa ikicheza mechi za kutafuta nafasi ya mashindano makubwa, na mimi nilikuwa nimeifuata kwenye simu mchezo kwa mchezo, nimeweka moyo wangu wote pale, kwa sababu mgonjwa hutafuta pa kuuweka. Ikafungwa. Tumekuwa tukifungwa miaka na miaka. Nikazima simu. Kesho yake asubuhi Mama Habona aliniletea vidonge kwenye kisosi, nikavisukuma. Nikamwambia sitameza tena kitu kutoka mikono ya watu wasioweza kusoma neno moja. Nyonga wamekula, wabaki na vidonge vyao.

Alivirudisha siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne hakuvileta, aliketi tu karibu yangu akichambua mchele. Najua alimpigia Habona. Habona alinipigia, sikupokea.

Siku ya kumi Barisa alikuja mwenyewe. Ni kazi yao, anayeacha dawa hufuatwa mpaka nyumbani. Alivuka mto kwa mtumbwi, na ninyi mnaowajua Waorma, watu wa ng'ombe, mnajua wanavyopenda mtumbwi. Alifika suruali imelowa magotini, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaomba maji. Kisha akaniuliza nani amenikosea.

Nikamwaga yote. Karani, faili, ukuta, koma, madaktari wanne, timu ya taifa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anipe pole. Akasema, "Mzee, hayo ya faili nimeyaelewa. Huo mchezo ndio sijauelewa. Yaani Kenya ina timu ya kupiga koma kwa fimbo, ikafungwa, na wewe ndiyo ukaacha dawa?"

Nikamwambia hajui kitu, afunge mdomo. Nikamwambia Kenya hii anayoicheka, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mpira wa magongo, kule Hispania, ilikuwa miongoni mwa timu nne bora duniani. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Mwalimu mkuu alitukusanya uwanjani, akatusimulia kila mchezo kwa kuchora mchangani.

"Kenya hii?"

"Hii hii."

"Ya nne duniani? Mzee wa kanisa, usiseme uongo kwa sababu ya mchezo."

Akatoa simu akatafuta. Mtandao wa Hewani ni wa kusimama kwenye kona moja tu ya ua, kwa hiyo alisimama pale mkono juu kama anayeomba mvua. Akapata. Akasoma, akarudi kukaa, na uso wake ulikuwa umebadilika kidogo. Akasema ni kweli. Nusu fainali walifungwa na Hispania wenyewe, bao moja kwa bila.

Nikasema ndiyo, bao moja. Nchi changa, dhidi ya wenye uwanja, bao moja.

Akauliza, "Baada ya hapo wakarudi nyumbani?"

Nikamwambia unarudije nyumbani, kuna mchezo wa kutafuta wa tatu. Wakakutana na India, mabingwa ambao watu wote walikuwa wakiwaogopa. Na sisi wale wale, tuliokwisha kufungwa, ambao kombe halikuwa letu tena, tuliwabana Wahindi mpaka muda wa nyongeza. Mwalimu alipofika hapo alikuwa akilia, fimbo iko mkononi, mchanga umemjaa viatuni. Tukafungwa tena, tena kwa bao moja tu, na mpaka leo kwenye vitabu vya mchezo huo tumeandikwa wa nne.

Barisa alikuwa akikunja suruali yake iliyolowa. Alikunja mguu mmoja, akahamia wa pili. Akasema, "Kwa hiyo kombe lilishakwenda, na wakacheza."

Nikaegemeza magongo yangu ukutani.

"Nyonga yako imekwenda, mzee. Mimi sikudanganyi, hairudi. Sasa ni mchezo wa kutafuta wa tatu. Wewe unataka kurudi nyumbani."

Nikamwambia nina haki ya kukasirika. Nilipaza sauti. Mama Habona alitoka jikoni. Barisa akasema hakuna aliyeniambia nisikasirike. Alisema amewafuata wengi walioacha dawa, na wale waliotulia, wanaosema ni mapenzi ya Mungu na kugeukia ukuta, hao ndio amewazika. "Wewe kasirika mpaka mwezi wa kumi na mbili. Nikikukuta umepoa nitaogopa."

Akatoa vidonge mfukoni, akaviweka kwenye kiganja chake, akaninyooshea. Nilikuwa natafuta jibu la kumshinda, na mkono wangu ukavichukua kabla sijalipata. Nikavimeza kwa maji aliyoyaacha yeye. Akasema Wapokomo hatimaye tunakunywa maji badala ya kuyakalia.

Alinieleza wazi kwamba siku kumi si mchezo, ingebidi nichunguzwe tena, na siku hizo zikaongezwa mwishoni. Nilistahili.

Tangu hapo nilipima majira kwa vidonge. Mwezi wa sita mto ulijaa na kijiji kikawa kisiwa, Barisa alikuwa amenipa dawa za wiki mbili mbele, nikazimeza kila asubuhi nikiyatazama maji yakipita na mahindi ya watu. Mwezi wa saba nilianza kusikia njaa, njaa ya kweli, nikala samaki mzima na kichwa chake. Pete ikarudi kukaa. Siku ambazo sikutaka kumeza, nilichagua mtu wa kumkasirikia, nikameza kwa ajili yake. Madaktari wanne walinitosha kwa muda mrefu.

Mwezi wa tisa nilikwenda kituoni kule, kwa magongo yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Karani alikuwa yule yule, akaniamkia kwa adabu ile ile, na hakunikumbuka. Nikaomba faili. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikamwekea kidole. Nikamwambia mstari huu umekula nyonga yangu.

Alisoma. Alisoma tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini babu, si ni wewe uliyesema?"

Ni kweli, nilisema. Nikamweleza mchezo. Aliuliza unachezwaje, nikamwonyesha kwa gongo la kutembelea, hapo mbele ya benchi lililojaa. Akasoma chini kidogo, akauliza, basi daktari aliposema niendelee na magongo, mimi nilifanya nini? Nikamwambia. Alijitahidi. Aliuma mdomo, akainama chini ya meza, mabega yakimtetemeka, na benchi zima lilikuwa limeshaangua kicheko. Mimi sikucheka, wala leo sicheki. Lakini nilipomsimulia Mama Habona jioni ile alicheka mpaka akaketi chini, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mavuno yale, nikaona basi, kimefaa kwa kitu.

Faili haifutwi, binti aliniambia. Huandikwa chini yake. Nikamsomea polepole, akaandika neno kwa neno: mgonjwa alikuwa mchezaji, mguu ulikuwa mzima, maumivu yalianza msimu wa kupanda, na hakuna aliyemgusa. Hilo la mwisho alisita. Nikasimama pale mpaka akaliandika. Akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi kwa kumjibu kwa mzaha alipouliza swali la maana. Daktari waliyemwita kutoka ndani aliusoma mstari mpya, akasema mambo hutokea. Huyo sijamsamehe. Namwombea, lakini sijamsamehe, na Mungu anajua tofauti ya hayo mawili.

Basi wewe uliye kwenye benchi, sikia. Ukiulizwa shida ilianza lini, taja mwezi. Usitaje maisha yako. Daktari asipogusa panapouma, mwambie aguse. Akikataa, ondoka uende kwingine ukiwa bado unaweza kutembea. Wewe uliye ndugu wa mgonjwa, funga na uombe, ni vyema, lakini mtafutie na chombo cha kumpeleka. Na ukishaambiwa kwamba ulichokuja kukiokoa kimepotea, uliza ni mchezo gani uliobaki, maana karibu kila mara upo.

Nilimeza kidonge cha mwisho wiki ya kwanza ya mvua za vuli. Barisa alisaini kadi, akanipa mkono. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Siwezi kupiga magoti. Huomba nikiwa nimeketi, na watoto wa kanisani huniona mwenye kiburi. Timu ya taifa imefungwa tena tangu hapo, nami niliitazama mpaka filimbi ya mwisho. Shambani nalima nikiwa nimekaa kwenye gunia, najisogeza mstari kwa mstari, na mwaka huu mahindi yangu ni marefu kuliko ya kaka yangu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki kitandani na kwenye benchi. Akupe mtu wa kukukunjia leso usipoweza kukaa. Akupe watu wa nyumba yako wenye kufunga safari. Amani yake, ile isiyotegemea mifupa, ikukalie. Na kama amani hiyo itachelewa njiani, akupe hasira ya kukufikisha kidonge cha mwisho. Amina.